Nimefundishwa kuwa mimi si akili yangu, sasa mke wangu anasema nimekuwa jiwe

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, Mhindi wa ukoo wa Kigujarati. Nyumbani tunazungumza Kigujarati, dukani Kiswahili, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayogombana nayo na kuota nayo. Nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 8.

Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Ametuachia duka la vifaa vya ujenzi: mabati, nondo, misumari, rangi. Ametuachia pia jengo lenyewe, ambalo sisi sote tunaishi juu yake: mama, mimi na familia yangu, na Motabhai, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na familia yake. Tangu siku ya kumchoma baba usingizi ulinipotea. Rafiki akanipeleka kwenye darasa la Gita, kitabu chetu kitakatifu cha Kihindu, linalofanyika Jumapili jioni, na huko mwalimu anafundisha Vedanta, falsafa ya Kihindu kuhusu nafsi. Wewe si mwili, anasema. Wewe si akili. Wewe si ule umimi unaojivuna. Wewe ni shahidi anayeyatazama hayo yote. Mwezi wa kwanza maneno yale yalikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Sasa ni mwezi wangu wa nane darasani, na kila siku saa kumi na moja alfajiri nakaa dakika 45 nikirudia moyoni, “mimi si hili, mimi si hili.”

Shida ni hizi. Motabhai ameniletea karatasi. Nikisaini, nusu yangu ya duka na jengo inakuwa yake, mimi nalipwa kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya mali iliyomo stoo, halafu nabaki dukani kwa mshahara. Anataka nisaini kabla ya Diwali, ili siku ya Chopda Pujan, tunapovifanyia ibada vitabu vipya vya hesabu, vitabu vifunguliwe kwa jina lake peke yake. Zimebaki wiki sita.

Nikikaa alfajiri nasikia sauti mbili. Moja ni tulivu sana: “Saini, achilia, wewe si duka.” Nyingine ina moto: “Hiyo ni haki yako na ya wanao, usidhulumiwe.” Mwalimu alisema tusiusikilize umimi, tuisikilize nafsi ya kweli. Wenzangu darasani wanasema ile tulivu ndiyo atma, yaani hiyo nafsi ya kweli. Mke wangu anasema ile tulivu ni woga.

Mwezi uliopita mwanangu mkubwa aliangusha kopo la rangi la lita 4 mbele ya wateja. Nilimtukana maneno ambayo sitayaandika hapa. Usiku mke wangu aliniambia nimwombe mtoto radhi. Nikamjibu kwamba hasira ile haikuwa yangu, ilikuwa ya akili. Akaniambia, “Basi iite hiyo akili ije imwombe radhi, maana mtoto analia.” Tangu hapo hajalitaja tena, ila juzi nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba ameolewa na jiwe.

La mwisho: kwa kama miezi miwili sasa, mara nyingine nikiwa kaunta naiona mikono yangu ikihesabu pesa kama ni ya mtu mwingine. Sauti za wateja zinakuja kama zimepita kwenye kioo. Nalala saa tano usiku, saa tisa niko macho. Niliwaeleza wenzangu wa darasani, wakanipongeza. Mimi sikufurahi. Wala sikuhuzunika.

Nisaidie. Ipi kati ya sauti hizo ndiyo mimi? Mtu anaitambuaje nafsi yake ya kweli, asiichanganye na akili na umimi?

Shahidi, Tanga


JIBU

Ndugu yangu,

Pole kwa msiba wa mzee. Miaka miwili si mingi kwa mtu ambaye kila asubuhi anafungua mlango ule ule kwa funguo alizozishika baba yake.

Nianzie ulikomalizia, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja Diwali. Mikono kama ya mtu mwingine, sauti za nyuma ya kioo, usingizi wa muda wa saa nne tu: wenzako wamekupongeza, lakini wewe umeandika kwamba hukufurahi wala hukuhuzunika, na sentensi hiyo imenishtua kuliko zote. Hali hii madaktari wa afya ya akili wanaijua. Inaweza kumpata mtu aliyefiwa, mtu asiyelala, mtu aliyekaa na hofu muda mrefu, na mara nyingine mtu anayetafakari kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kubeba. Wewe una yote manne. Nenda hospitali, muone daktari, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na usimfiche zile dakika 45 za alfajiri. Mpaka utakapomwona, nakuomba uiweke kando ile “mimi si hili”. Ukitaka kukaa, kaa dakika 10 macho wazi, nyayo zikiwa sakafuni, usikilize kunguru na pikipiki za barabarani. Usikane chochote.

Najua utaniuliza: je, huko si kurudi nyuma? Hebu tuviulize vitabu vyenyewe.

Katika sehemu ya 8 ya Chandogya Upanishadi, moja ya Upanishadi, vitabu vya kale ambavyo Vedanta imesimama juu yake, Indra wa miungu na Virochana wa asura, mahasimu wa miungu, wanakwenda kwa Prajapati, baba wa viumbe, kuitafuta atma. Wanakaa miaka 32 kama wanafunzi, kisha anawaambia watazame sura zao katika bakuli la maji. Virochana anaondoka ameridhika: kumbe nafsi ni mwili. Indra anarudi toka njiani: mwili ukipofuka, na nafsi itapofuka? Anakaa miaka 32 mingine, anaambiwa nafsi ni yule anayetembea katika ndoto. Anarudi: hata wa ndotoni hulia. Miaka 32 tena, anaambiwa nafsi ni yule aliyelala fofofo, asiyeota kitu. Na hapa ndipo ninapotaka usimame. Indra anaondoka, lakini kabla hajafika kwa miungu wenzake anageuka. Anasema mtu huyo hajijui kwamba “huyu ni mimi”, wala havijui viumbe vingine, ni kama ameangamia. “Sioni jema lolote katika hili,” anasema Indra. Prajapati hamkemei. Anamwambia ni kweli, kaa miaka 5 zaidi. Jumla 101.

Wewe uko mwaka wa 96. Umefika mahali pasipo joto wala baridi, umepewa pongezi, na kitu ndani yako kimesema sioni jema katika hili. Hilo ndilo lililomrudisha Indra kwa mwalimu wake. Shahidi anayesemwa na Upanishadi haondoi ladha ya chai. Chai inabaki na tangawizi yake, mtoto anabaki mtoto, na mtu anapungukiwa na kung’ang’ania tu. Wewe kilichopungua ni chai.

Sasa zile sauti mbili. Swali lako limejengwa juu ya dhana ambayo ningependa tuiguse polepole: kwamba atma ni sauti, na kwamba kazi ni kuitambua ipi kati ya zinazosemeka. Chukua Katha Upanishadi, ule mfano wa gari la farasi ulioko sehemu ya tatu. Mwili ni gari. Milango ya fahamu ni farasi. Manasi, akili inayoyumba, ni hatamu. Buddhi, akili inayokata shauri, ndiye dereva. Atma ni abiria mwenye gari. Sasa rudi uusome mfano mzima ukitafuta ni wapi abiria anamwambia dereva apinde kushoto. Hutapaona. Kukata kona ni kazi ya dereva.

Gita inalisema hilo kwa lugha ambayo sisi wa Kiswahili tunaielewa upesi. Katika sura ya 13 Krishna, Mungu anayemfundisha shujaa Arjuna katika kitabu hicho, anagawa vitu viwili, shamba na mjuzi wa shamba. Halafu anaorodhesha kilichomo shambani: elementi kuu, ahankara (ndio umimi), buddhi, milango ya fahamu, manasi, tamaa, chuki, raha, maumivu, hata uthabiti, hata ule uhai wa fahamu unaoliangaza shamba. Vyote ni mazao. Sauti yako ya moto ni zao la shamba. Na ile tulivu pia ni zao la shamba. Utulivu haujaitoa shambani, kama vile mchicha haugeuki mkulima kwa sababu umemwagiliwa vizuri.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko imeletwa na lugha yetu. “Nafsi” tuliyoipokea kutoka Kiarabu tunaitumia kwa mambo mawili yanayopingana: nafsi inayotamani, na nafsi kwa maana ya mtu mwenyewe hasa. “Roho” ndiyo usiseme. Kuna roho inayotoka mtu akifa na kuna roho mbaya ya jirani. “Akili” tumeibebesha kila kitu kilicho kichwani. Mwalimu akikwambia “wewe si akili”, amekukana mambo manne kwa neno moja. Vedanta inakiita chombo cha ndani, antahkarana, na inakigawa kwa kazi zake. Manasi ni ile inayoyumba: nisaini, nisisaini, labda, lakini. Chitta ni ghala la kumbukumbu, ndiko zinakotoka picha za baba. Buddhi ni inayokata shauri, inayosema hili ni hili. Ahankara ni inayobandika lebo ya “mimi” na “yangu” juu ya hayo matatu.

Hapo kwenye ahankara kuna jambo la pili la kuuliza. Kwa Kigujarati cha nyumbani, mtu mwenye ahankar ni mtu mwenye kiburi, na bila shaka ndivyo ulivyolisikia neno hilo tangu utotoni. Katika falsafa lina maana pana zaidi: aham ni “mimi”, na kara ni kifanyacho. Kifanya-mimi. “Mimi ni tajiri” ni kazi yake, na “mimi ni mnyonge nisiyetaka ugomvi” ni kazi yake vile vile. Na anayesema “mimi ni shahidi, siguswi na chochote”? Hilo ndilo vazi lake analolipenda zaidi, kwa sababu nani atamvua? Wafuasi wa Sankhya, falsafa nyingine ya kale ya Kihindi, wanaihesabu ahankara miongoni mwa tatwa 25, yaani misingi ya ulimwengu, kiungo cha kawaida kama pua. Bila hiyo usingejua ugali uingie kinywa cha nani. Tatizo linaanza pale kiungo kinapodhaniwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

Shankara, mwalimu mkuu wa Vedanta wa karne ya 8 hivi, alilieleza kosa hilo kuwa ni kupachika sifa za kitu kimoja juu ya kingine, na katika mapokeo yake mfano unaotumika sana ni chuma kilichotiwa motoni. Wewe unauza nondo, utaufurahia. Chuma kikiwa chekundu tunasema “chuma kinaunguza”, nacho hakiunguzi, ni moto. Tunasema “moto ni mrefu, umepinda”, nao hauna urefu, ni chuma. Akili inang’aa kwa mwanga wa kuazima ikasema “najua”, na atma ikavikwa umbo la akili ikaonekana inakasirika. Kutofautisha, viveka, ni kujua kipi ni cha moto na kipi ni cha chuma wakati bado vimeshikana. Hakuna anayeutoa moto kwa koleo akauweka pembeni. Nawe naona umekuwa ukijaribu kufanya hivyo kwa dakika 45 kila alfajiri.

Basi badala ya kukaa na kukana, nakupendekezea kazi ya daftari. Ni salama zaidi kwa hali yako ya sasa na, kusema kweli, inamfaa mfanyabiashara. Chukua ukurasa, uugawe safu nne: manasi, chitta, ahankara, buddhi. Chagua tukio moja tu, tuseme ile dakika Motabhai alipoweka karatasi mezani. Andika kila kilichopita ndani yako katika safu inayokistahili. Dakika 15, mara tatu kwa wiki, mchana na si usiku, maana usiku chitta hutapika vitu visivyokwisha.

Kwa mfano. Tumbo kukaza na “nisaini nisisaini” kunakwenda manasi. Picha ya baba akipima misumari kwenye mizani inakwenda chitta. “Mimi mdogo siku zote naonewa” ni ahankara. “Thamani ya mali ya stoo haijahesabiwa tangu afariki” ni buddhi, kwa kuwa ni jambo linaloweza kuwa kweli au si kweli bila kujali wewe unajisikiaje. Sasa chukua ile sauti tulivu uichambue kama mchele kwenye ungo. “Wewe si duka”: sentensi hiyo uliisikia Jumapili, ni chitta. “Nikisaini nitakuwa mtu aliyeshinda mali”: angalia vizuri lebo iliyobandikwa hapo. “Nimechoka kugombana”: manasi, na huenda ni kweli kabisa. Kisha ifanyie ile ya moto vivyo hivyo. “Nimedharauliwa” itaanguka safu moja, “watoto wana haki humo” itaanguka safu nyingine. Nadhani utakuta hakuna sauti iliyo safi hata moja. Zote mbili zina mchele na zina mawe.

Kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuijaza safu ya ahankara peke yake na kujichapa nayo. Ukiona hivyo, jua anayechapa naye anataka safu. Ya pili ni kuongeza safu ya tano na kuiita “shahidi”. Usiongeze. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mwalimu Yajnavalkya anaulizwa amwonyeshe mtu atma waziwazi, naye anajibu kwamba huwezi kumwona mwonaji wa kuona. Ukimwona shahidi amekaa nyuma ya macho yako kama mlinzi kwenye kibanda, umemwona mtu wa kuchora, zao jingine la shamba. Ramana Maharshi, mwalimu wa kusini mwa India aliyeondoka nyumbani Madurai mwaka 1896 akiwa na miaka 16 akaenda kuishi Tiruvannamalai, alipofundisha swali la “mimi ni nani?” alisema swali lenyewe nalo huteketea mwishoni, kama fimbo ya kuchochea moto wa kuchomea maiti. Wewe umeishika fimbo ile kwa mikono yako si muda mrefu uliopita, sina haja ya kukueleza inavyoishia.

Sasa karatasi ya Motabhai. Sitakuambia usaini au usisaini. Ila naona umekwishaigeuza kuwa mtihani wa kiroho: anayesaini amefaulu, anayekataa ameshindwa na umimi. Je, ni lazima iwe hivyo? Arjuna naye alisimama vitani mbele ya ndugu zake na akataka kuachilia. Aliongea vizuri sana, mpaka Krishna akamwambia katika sura ya 2 kwamba anaomboleza wasiostahili kuombolezewa huku akisema maneno ya hekima. Yaani huzuni iliyovaa kanzu ya busara. Lakini tahadhari, usiichukue Gita uende nayo kwa Motabhai kama rungu. Wako waliofanya hivyo, na Krishna hakuwaambia wadai jengo.

Kilicho karibu zaidi na jambo lako ni sura ya 18, aya ya 7 hadi ya 9. Kuna kuachilia kwa aina tatu. Kuacha wajibu kwa kutoelewa ni kwa giza, tamasi. Kuacha kwa kuogopa usumbufu ni kwa rajasi, yaani msukumo wa tamaa, na hakuzai tunda la kuachilia. Kutenda wajibu huku umeacha kuling’ang’ania tunda lake ndiko kwa sattva, yaani uangavu. Jihadhari na tamasi hasa, kwa sababu kwa mbali inafanana mno na sattva: zote mbili ziko kimya. Tofauti utaiona baadaye. Kimya cha sattva humwacha mtu akiona vizuri, anaweza kutaja bei, tarehe na majina. Kimya cha tamasi humwacha akiwa hataki kuangalia.

Kwa hiyo jiulize: je, unaweza kumwambia mtu, bila kubabaika, stoo ina mali ya kiasi gani? Hati ya jengo iko kwa jina la nani? Mirathi ya mzee ilifunguliwa mahakamani, na msimamizi ni nani? Kama hujui, basi buddhi bado haijapewa kazi, na kusaini sasa ni kumfunga dereva macho kisha kumsifu kwa kutokuwa na ubinafsi. Unaweza kusaini, ukapata amani ya nyumba moja, na hatari yake ni kwamba nusu unayoigawa si yako peke yako. Una mke na watoto wawili ambao hawakuhudhuria darasa la Jumapili. Huwezi kuvua shati la mtu mwingine ukaita ni kujinyima. Unaweza kukataa na kwenda sheriani, na hatari yake ni mama, ambaye atawasikia mkigombana akiwa nyumba hiyo hiyo, pamoja na gharama na miaka. Unaweza kuomba muda: mthamini apite, stoo ihesabiwe, wazee wawili wa jamii wakae nanyi, vitabu vya mwaka huu vifunguliwe kama vya mwaka jana. Hatari yake ni kwamba Motabhai anaweza kuona umemshuku, na huenda wewe ukaigeuza “subiri” kuwa mahali pa kujificha. Diwali inarudi kila mwaka. Saini hairudi. Lakini uamuzi ni wako, na ukishafanya hesabu hata kusaini kunaweza kuwa kuachilia kwa kweli. Kipimo kimoja kidogo: ungesaini kama hakuna mtu darasani angejua?

Kuhusu mtoto na kopo la rangi. Uliposema hasira ilikuwa ya akili, kwa Vedanta hukukosea. Ila nataka kukuuliza kama mwenye duka: siku mteja akikusifu kwa uaminifu, sifa hizo unaziandika kwenye akaunti ya nani? Nikikisoma kitabu chako naona hasara zote zimeandikwa kwa manasi na faida zote kwa atma. Mkaguzi yeyote angekirudisha. Advaita yenyewe, ndiyo Vedanta ya Shankara, inazungumza kwa ngazi mbili: ya ukweli wa mwisho, ambako hakuna wa kuudhi wala kuudhiwa, na ya maisha ya kila siku, ambako kuna baba, mtoto, deni na risiti. Tusi lilitolewa katika ngazi ya pili, kwa kinywa, mbele ya wateja. Radhi inaombwa kwenye ngazi hiyo hiyo, kwa kinywa hicho hicho. Mkeo alikujibu vizuri kuliko wengi waliosomea: iite hiyo akili ije. Ije basi, iko karibu.

Na uwe mwangalifu na jambo moja ambalo huenda darasani halijatajwa. Anayoyafundisha mwalimu wako ni njia ya Shankara. Ramanuja, mwalimu mwingine wa Vedanta, alibisha kwamba “mimi” wa kweli ni mjuzi hasa, anabaki kuwa “mimi” hata akiokoka, na ahankara ya kosa ni ile ya kuuita mwili mimi. Madhva wa karne ya 13 akaenda mbali zaidi, atma na Mungu ni wawili milele. Ikiwa kwenu mnafuata njia ya ibada ya Vallabha au ya Swaminarayan, kama familia nyingi za Kigujarati, basi mama yako anaposema “atma” huenda hamaanishi kile unachokisikia Jumapili. Muulize. Kwake nafsi inaweza kuwa kitu kinachopenda na kupendwa, na si dirisha lisilo na mtu. Hata njia ya Shankara haimwanzishi mtu kwenye “mimi si hili” siku ya kwanza. Inadai kwanza maandalizi manne, na ndani yake mna utulivu wa moyo, ustahimilivu na imani, vitu ambavyo hujengwa kwa kutenda kazi bila kuing’ang’ania na kwa ibada. Kumpokonya mfiwa asiyelala kila kitu anachokishika, kabla hajawa na sakafu ya kukanyaga, ni kulianza jengo kwa mabati.

Mwalimu wako nenda umwambie haya ya kioo mwenyewe, si kupitia wenzako. Mwalimu anayeijua njia atakupunguzia muda wa kukaa na atakuuliza unalala saa ngapi. Akikupongeza na yeye, mpumzishe kwanza.

Daktari kwanza, wiki hii ikiwezekana. Stoo ihesabiwe, hata kama ni wewe na mkeo na kalamu, Jumapili duka likiwa limefungwa. Mchukue na mwanao awahesabie makopo ya rangi.